UZI: Kumchukua mbwa mzima, chotara wa kusaka, awe mwenzako wa matembezi

#1 Nyayo za Asubuhi

Wakuu, habari za humu.

Maswali ya mbwa wa matembezi yamekuwa mengi na majibu yametawanyika kwenye nyuzi kumi tofauti. Nimeona tuyaweke hapa pamoja. Uzi huu ni wa mtu anayetaka mbwa aliyekwisha kukua, wa miaka miwili hadi sita, mwenye damu ya mbwa wa kusaka, atakayetembea naye milimani, mashambani na msituni. Wanaotaka mbwa wa ulinzi wa geti wana nyuzi zao.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Mbwa wa kusaka wako wa aina mbili. Kuna wanaofuata harufu: pua iko chini, masikio yananing'inia, sauti nzito. Foxhound, Beagle na Bloodhound wako huku. Na kuna wanaofuata kwa macho: wembamba, kifua kirefu, kiuno chembamba, kama Greyhound na Saluki. Huku kwetu chotara utakayekutana naye mara nyingi ana damu ya Rhodesian Ridgeback iliyochanganyika na mbwa wetu wa kienyeji. Ridgeback ni mbwa wa Kusini mwa Afrika, sifa zake ziliandikwa rasmi Bulawayo mwaka 1922, na damu yake inarudi kwa mbwa wa Wakhoikhoi waliokuwa na ule mstari wa nywele mgongoni uliolala kinyume. Dume halisi husimama sm 63 hadi 69 begani, jike sm 61 hadi 66. Chotara wengi ni wadogo zaidi, kilo 22 hadi 32, na wengi hawana mstari kabisa. Usimnunue kwa ajili ya mstari. Ukiuona, pitisha vidole taratibu kuanzia kisogoni hadi mkiani: ukigusa kitu kama uzi mgumu chini ya ngozi, au kitundu chembamba chenye nywele zinazochomoza, mwonyeshe daktari kabla hujamchukua. Hiyo ni kasoro ya kuzaliwa inayowapata mbwa wa jamii hii. Ikiingia uchafu hufanya jipu, na dawa yake ni upasuaji.

Kwa nini mbwa mzima na si mtoto? Kwa sababu unachokiona ndicho unachokipata. Urefu umeisha, tabia imeshakaa, na viungo vimekomaa kubeba mwendo wa kilomita kumi. Mtoto wa miezi minne huwezi kumpeleka mlimani, utamharibu magoti.

Pa kuwapata, kwenye mashirika ya kutetea wanyama: Nairobi kuna KSPCA kule Karen. Arusha kuna Mbwa wa Africa upande wa Usa River. Dar es Salaam kuna TAWESO. Wengine hutolewa na watu wanaohama nchi, na hao mara nyingi wana kadi kamili ya chanjo.

Ukifika kituoni usichague kwenye banda. Mbwa wa kusaka aliyefungiwa hupiga kelele, huruka, huzunguka. Hiyo si tabia yake, ni banda. Omba umtoe nje, mbali na wenzake, mtembee nusu saa. Nenda mara mbili au tatu, siku tofauti. Angalia haya:

Meno. Kufikia miezi saba mbwa ana meno yake yote 42 ya kudumu. Meno ya mbele ya mbwa kijana yana vinundu vitatu vidogo kama ua. Vikisawazika, umri umesogea. Ukoko wa njano kwenye magego unakuambia miaka mitatu kwenda juu, ingawa aliyetafuna mawe au mnyororo atakudanganya.

Fizi. Nyanyua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole, achia. Weupe unapaswa kurudi pinki ndani ya sekunde mbili. Fizi zikiwa nyeupe kama karatasi au za njano, huyo ni mgonjwa, na nchi hizi wa kwanza kushukiwa ni kupe.

Mwendo. Mtembeze kwenye changarawe, kisha mteremkoni. Tazama kichwa: anayechechemea mguu wa mbele huinua kichwa kila mguu unaouma unapogusa chini.

Kugusika. Shika kila mguu, tenganisha vidole, angalia masikio. Akigeuka kukutazama ni sawa. Akikakamaa, akaacha kuhema, macho yakatoa weupe pembeni, acha hapo na mwambie mhudumu.

Pua. Hili ndilo wengi wanaliruka. Mkiwa njiani mwache anuse jambo analolipenda, kisha sema jina lake mara moja na umpe kipande cha nyama puani. Ukipata hata sikio moja kugeuka, una mahali pa kuanzia. Asiposikia nyama ikiwa sentimita tano kutoka puani, bado ni mbwa mzuri, ila jua mapema kwamba huyo atatembea na kamba maisha yake yote.

Mganga wa Mifugo, nakuachia afya. Fundi Uzio, boma.

#2 Mganga wa Mifugo

Asante mkuu kwa kufungua. Naanza na alipoishia, kwa sababu mbwa mzima anakuja na historia ambayo hakuna aliyeiandika.

Siku 14 za kwanza asikutane na mbwa wengine wa nyumbani, asitumie bakuli moja nao. Distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, inaweza kujificha kwa muda huo kabla hajaanza kukohoa na kutokwa makamasi.

Chanjo. Kama hakuna kadi, chukulia hajachanjwa. Kadi ya kweli ina kibandiko cha chupa ya chanjo, tarehe, na sahihi ya daktari; kadi iliyoandikwa kwa kalamu tu "amechanjwa" haina maana. Atachomwa ya mchanganyiko (distempa, parvo, homa ya ini) mara mbili kwa kupishana wiki mbili hadi nne, pamoja na ya leptospira kwa ratiba hiyohiyo. Ya kichaa cha mbwa anachomwa mara moja, kisha kila mwaka. Serikali za Kenya na Tanzania huendesha siku za chanjo ya kichaa, hasa kuelekea tarehe 28 Septemba, lakini usingoje kampeni ukiwa umeshamwingiza mbwa ndani.

Akimng'ata mtu kabla ya kujua hali yake: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mbwa afungiwe aangaliwe siku 10. Usimuue. Mbwa aliye hai baada ya siku 10 ndiye ushahidi kwamba hakuwa na kichaa mdomoni siku ile.

Kupe. Kupe wa mbwa, yule wa kahawia, ndiye adui namba moja. Jike mmoja akishiba hudondoka, hupanda ukutani, hutafuta ufa na kutaga mayai yapatayo elfu kadhaa. Kwa hiyo ukimuogesha mbwa na kuacha banda, umefanya nusu ya kazi. Wanaleta magonjwa mawili ya kukumbuka, erlikia na babesia. Dalili: homa, kukataa chakula, fizi kupauka, damu puani, madoa mekundu tumboni, mkojo rangi ya chai nzito (huo ni babesia zaidi).

Kabla ya kusaini karatasi omba kipimo cha damu kamili. Angalia mambo mawili: kiasi cha chembe nyekundu (kwa mbwa mzima kawaida ni asilimia 37 hadi 55) na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Chembe sahani zikiwa chini sana, hata kama mbwa anacheza, shuku erlikia. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinaonyesha kinga tu: kitasema "ndiyo" hata kwa mbwa aliyepona mwaka jana. Usimkatae mbwa kwa kipimo hicho peke yake. Tiba ya erlikia ni doksisaiklini, kwa kawaida miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, siku 28. Watu wanaacha siku ya kumi kwa sababu mbwa ameanza kula, na ndiyo maana ugonjwa unarudi ukiwa umeingia kwenye uboho wa mifupa. Kidonge kipewe pamoja na chakula na maji kifuate, kikikwama kooni kinaunguza.

Mengine ya kuuliza. Kama ni jike au dume aliyekuwa mtaani, akaguliwe sehemu za siri: uvimbe wenye umbo la koliflawa unaotoa damu ni saratani ya kuambukizana kwa kupandana. Inatibika vizuri kwa sindano za kila wiki, mara nyingi nne hadi sita, kwa hiyo isikukatishe tamaa. Na kuhasiwa kufanyike kabla hajaanza matembezi ya mbali, dume asiyehasiwa atafuata jike aliye kwenye joto hadi kijiji cha tatu.

Minyoo: kidonge chenye prazikwanteli, dozi kwa uzito, kila miezi mitatu. Na mbwa wa matembezi asile mavi wala wale wadudu wanaoviringisha mavi. Ndani ya wadudu hao kuna mnyoo aitwaye Spirocerca anayehamia kwenye koo la chakula la mbwa na kufanya uvimbe. Mbwa akianza kurudisha chakula kisichosagika, akitoa mate mengi na kukonda, mtaje mnyoo huyo kwa daktari wako, kwa sababu huonekana kirahisi zaidi kwa kamera ya kooni.

#3 Kijana wa Limuru

Mganga, kwa kupe si ni bora kumuogesha na dawa ya josho la ng'ombe? Inapatikana kila agrovet na ni bei rahisi.

#4 Mganga wa Mifugo

Hapana ndugu, na nakuomba usifanye. Kipimo cha ng'ombe si cha mbwa. Dawa zile zimo za aina tofauti, nyingine amitrazi, nyingine za jamii ya ogano-fosfeti. Watu hukisia kwa kifuniko, mbwa hujilamba, na saa chache baadaye anatetemeka, anatokwa mate, anajikojolea, anashindwa kupumua. Wengi hufa njiani kuja kliniki.

Kuna vidonge vya kutafuna vya kupe: vingine vinashika mwezi mmoja, vingine wiki 12. Ni ghali kwa mara moja, lakini gawanya kwa wiki uone. Kama mbwa amewahi kuanguka kifafa mwambie daktari kabla, kundi hilo la dawa linaweza kuamsha kifafa.

Na tukiwa hapo: oili chafu ya gari kwa ukurutu. Iacheni kabisa. Inaunguza ngozi, inaingia ini, na wadudu wa ukurutu wanabaki walipo. Vidonge vilevile vya kupe huua na wadudu wa ukurutu.

#5 Fundi Uzio

Nimeitwa.

Mbwa wa kusaka hatoroki kwa sababu hakupendi. Anatoroka kwa sababu upepo umeleta harufu na pua imemwita. Kwa hiyo boma lijengwe kabla hajafika, si baada ya kutoroka mara ya kwanza.

Urefu mita 1.8 kwenda juu. Mbwa wa kilo 28 mwenye miguu mirefu anaruka mita 1.5 bila kukimbia kwanza, na ukuta wa matofali yenye mashimo ya mapambo kwake ni ngazi. Ondoa chochote kilichoegemea ukuta kwa ndani: pipa, kuni, banda la kuku, gari bovu.

Chini ndiko kuna kazi. Wavu wa chuma wa shimo dogo ukunjwe kama herufi L: sm 30 ushuke ardhini, sm 50 ulale kuelekea ndani ya boma, ufukiwe kwa mawe na udongo. Akichimba anakutana na wavu chini ya kucha zake. Ukilaza kuelekea nje haukusaidii kitu. Ua wa michongoma au minyaa peke yake hauzuii mbwa huyu, atapata tobo ambalo wewe hulijui. Funga wavu kwa ndani ya ua.

Geti: pengo chini lisizidi sm 8. Na weka geti la pili dogo ndani, hata la mbao na wavu, ili anayefungua geti kubwa asimpe njia. Mbwa wengi hupotea mgeni anapoingia, wachache kwa kuruka.

Banda: sakafu inyanyuke sm 15 kutoka chini, paa lipite mbele sm 40, mlango usikabili upepo wa mvua. Ndani ziba kila ufa kwa saruji au chokaa, ni yale mayai ya kupe aliyotaja Mganga. Usimfunge mnyororo mchana kutwa. Kuna imani kwamba kumfungia gizani na kumlisha pilipili humfanya mkali. Kinachotokea ni mbwa mwenye hofu, na mbwa mwenye hofu anang'ata mtoto wa nyumbani.

#6 Binti Usambara

Naomba kuingia kwenye kamba, kwa sababu hapo ndipo matembezi yanapofaulu au kuharibika.

Vifaa vitatu:

1. Mkanda wa kifua wenye umbo la Y mbele, unaoacha bega litembee. Ule wenye utepe unaokata kifuani kwa mlalo unabana bega na mbwa anaanza kuchechemea baada ya kilomita tano. Vidole viwili viingie kati ya mkanda na mwili kila upande.

2. Mkanda wa shingo wa kubana kidogo. Chotara hawa wengi wana kichwa chembamba kuliko shingo. Mkanda wa kawaida unavulika akirudi nyuma. Upana sm 4. Hapa liwekwe bati lenye namba ya simu.

3. Kamba mbili: moja ya mita 2 ya barabarani, nyingine ya mita 10 ya porini.

Kamba ndefu hufungwa kwenye mkanda wa kifua, kamwe si shingoni. Mbwa wa kilo 28 akifika mwisho wa mita kumi kwa mbio, mshtuko ule ukiangukia shingo unaumiza koo na uti. Usinunue kamba ya nailoni ya mviringo, inakata viganja hadi nyama. Utepe bapa wa kufungia mizigo, upana sm 2, ni bora. Ukipata ule uliopakwa plastiki, unafutika tope kirahisi. Mwisho wa kamba usiwe na kitanzi wala fundo, vinanasa kwenye visiki na mawe. Kile kipini cha kufungia kiwe cha shaba au chuma kisichoshika kutu. Vile vya rangi ya fedha vinavyouzwa bei ya chini huvunjika pale pembeni penye springi, na vinavunjika siku sungura anapokatiza. Vaa glavu za bustani.

Ratiba. Siku tatu za kwanza hakuna matembezi ya maana: boma, banda, mtu mmoja anayemlisha. Wiki tatu za kwanza njia moja fupi, dakika 20 hadi 30, asubuhi na jioni, kamba ya mita 2. Baada ya hapo kamba ndefu, mahali pa wazi pasipo mifugo. Kwa miezi mitatu asifunguliwe popote nje ya boma, hata kama anaonekana amekuzoea. Anachokizoea mapema ni chakula chako na sauti yako uani; porini bado ni mgeni wako.

Filimbi. Jina lake limeshatumiwa na watu wengine, pengine kwa kumfokea, kwa hiyo anza na sauti mpya. Mipulizo mitatu mifupi, papo hapo kipande cha kuku aliyechemshwa, ukubwa wa punje ya njegere. Mara 20 kwa siku, siku saba, ndani ya nyumba, mbwa akiwa mbele yako. Hujamwita bado, unamfundisha tu kwamba sauti hii ni nyama. Wiki ya pili uani akiwa hatua tano, kisha kumi. Wiki ya tatu kwenye kamba ndefu. Usisogee hatua inayofuata mpaka aje mara 9 kati ya 10. Asipokuja usipulize tena. Ifuate kamba hadi alipo, geuka naye, rudi hatua moja nyuma kwenye zoezi. Filimbi inayopulizwa mara nane bila jibu imekufa, utaanza na sauti nyingine.

Sasa jifunze kumsoma. Akiwa anatembea tu, mkia unayumba, mdomo wazi, pua inapanda na kushuka. Akishika njia ya mnyama, mdomo unafungwa, mkia unakakamaa, pua inashuka hadi majani, na utasikia pumzi inabadilika: mivuto mifupi mifupi ya haraka, kama mtu anayepuliza kijinga cha moto. Una sekunde mbili au tatu hapo. Pulizia filimbi wakati pua bado inakagua. Akishainua kichwa na kutoa ule mlio mrefu wa kusaka, masikio yamefungwa, kazi yako ni kushika kamba.

#7 Kijana wa Limuru

Dada, na kuku na mbuzi wa watu? Hapo ndipo kesi zinapozaliwa.

#8 Binti Usambara

Kwa umbali, si kwa fimbo. Mfunge kamba ya mita 2, simama mita 20 kutoka kwa kuku. Akiwatazama kisha akakugeukia hata kwa kufumba macho, mpe nyama. Akiwa hawezi kugeuka kabisa, uko karibu mno, rudi mita 30. Ukipata mara 9 kati ya 10, sogea mita mbili. Wengine hufika mita tatu baada ya miezi miwili, wengine hawafiki. Asiyefika mita tano hapitishwi katikati ya kijiji bila kikapu cha mdomo. Kikapu kiwe cha aina anayoweza kuhemea na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo kinamzuia kuhema, na mbwa hana njia nyingine ya maana ya kupoza mwili.

Fimbo inamfundisha kwamba kuku na maumivu huja pamoja. Siku ukiwa hupo na kamba haipo, anamaliza banda zima.

Hifadhi za taifa, Kenya na Tanzania, mbwa haruhusiwi. Usijaribu hata ukingoni. Mbwa mwitu na simba huambukizwa kichaa na distempa kutoka kwake, na mbwa anayefukuza swala hifadhini huhesabiwa ni wa majangili. Msitu wa Karura, Nairobi, mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwenye kamba. Kwingine uliza walinzi wa msitu kabla.

#9 Bi Kisauni

Assalaam aleikum jamaa. Niongeze la huku pwani na visiwani maana hamjaligusa.

Majirani wengi wa Kishafii wanaona mate na unyevu wa mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Si chuki kwa mbwa wako, ni ibada ya mtu. Mbwa wa kusaka wenyewe si kitu kigeni: Sura ya Al-Maida aya ya 4 inawataja wanyama waliofunzwa kuwinda, na Unguja wasasi wa nguruwe mwitu wanasaka na mbwa hadi leo. Kwa hiyo heshima inatosha kuishi vyema.

Kwa vitendo: pita msikitini kabla ya adhana au baada ya watu kutawanyika, kamba imekunjwa mkononi, mbwa upande wa mbali na watu. Usimwache ajikung'ute majini karibu na watu. Mavi yake yaokote kwenye mfuko. Mtu akikuomba umsogeze, msogeze bila kumwuliza sababu. Na ule mlio wao mrefu wa usiku, huo utakugombanisha na mtaa mzima. Mara nyingi analia kwa sababu mchana hajatumika. Mpe dakika 15 za kutafuta dagaa uliowatupa kwenye majani kabla ya kulala, pua ichoke; unyamavu wake utauona mwenyewe.

Pwani pia mwangalieni nzi anayeacha funza chini ya ngozi. Matandiko ya mbwa yasianikwe chini mchangani wala kivulini, yaanikwe juani na yapigwe pasi.

#10 Suluki wa Maskati

Wa aleikum salaam Bi Kisauni. Kwa ndugu walioko Oman na Ghuba: chotara wa suluki (yule Saluki aliyetajwa juu) hutolewa akiwa mzima, mara nyingi kwa sababu tu hakuweza kukimbia mbio tena. Ni mbwa mpole sana wa nyumbani.

Mambo yake ni tofauti kidogo na ya wenzetu. Ngozi ni nyembamba kama karatasi, mwiba wa mgunga unaifungua kama wembe, kwa hiyo beba bandeji na nyuzi za kufungia. Mafuta mwilini ni machache, ukiona mbavu tatu za nyuma usidhani ana njaa. Kabla ya upasuaji wowote mwambie daktari ni damu ya suluki, kwa sababu dawa za usingizi za jamii ya babituriti hukaa mwilini mwao muda mrefu mno.

Kiangazi matembezi ni kabla ya alfajiri tu. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami sekunde saba. Ukishindwa, nyayo zake zitaungua. Joto la mwili wa mbwa ni 38 hadi 39.2. Akihema kwa ulimi uliopanuka kama kijiko, fizi zikiwa nyekundu sana, akayumba, simama. Mmwagie maji ya bomba mwili mzima na umpepee. Usimfunike taulo lililolowa, linafungia joto ndani.

#11 Nyayo za Asubuhi

Nimerudi na chakula, kwa kuwa mbwa wa kituoni huja amekonda na watu hukimbilia kumjaza.

Mbwa wa kilo 28, aliyehasiwa, mwenye mwendo wa kawaida, anahitaji takriban kalori 1,350 hadi 1,400 kwa siku. Kwa chakula kikavu cha mfuko ni kama gramu 370 hadi 400, ugawe mara mbili. Kwa chakula cha nyumbani, siku moja: unga wa mahindi gramu 200 kabla ya kupikwa, dagaa wakavu gramu 100 waliooshwa mchanga na kuchemshwa, utumbo wa ng'ombe uliochemshwa vizuri gramu 200, mafuta kijiko kimoja cha mezani, na karoti au mchicha. Chumvi hapana, kitunguu hapana, kitunguu saumu hapana. Siku za kilomita 15 ongeza robo. Mwongoze kwa mbavu: ukipitisha kiganja ubavuni unapaswa kuzihisi kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa mkono wako. Ukizihisi kama ngumi iliyokunjwa, amekonda. Kama kiganja, amenenepa.

Unga wenye ukungu au uvundo usimpe mbwa. Watu husema "hii haifai kwa watu, mpe mbwa." Sumukuvu huua ini la mbwa kwa kiasi ambacho kuku angekula akaendelea. Anaanza kukataa chakula, macho yanakuwa ya njano, anatapika damu.

Utumbo na mapafu mabichi kutoka machinjioni pia hapana. Huko ndiko kuna vifuko vya tegu anayerudi kwa binadamu kupitia mavi ya mbwa na kufanya uvimbe wa maji kwenye ini.

Na hili kwa herufi kubwa: MBWA WA KIFUA KIREFU ASIKIMBIE BAADA YA KULA. Tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota. Saa moja kabla na saa mbili baada ya mlo ni kupumzika. Dalili: anajaribu kutapika hakitoki kitu, mate yananing'inia, tumbo limekaza kama ngoma, anainuka na kulala bila kutulia. Hapo usisubiri asubuhi wala usimpe maziwa. Ni saa chache tu, na ni upasuaji.

#12 Kijana wa Limuru

Naomba orodha ya mfuko wa safari, mtu aichapishe.

#13 Mganga wa Mifugo

Kwa matembezi ya saa nne, mbwa wa kilo 28:

Maji lita 2 ya mbwa peke yake, na bakuli la kukunja. Kumnywesha kidogo kila dakika 30, si lita moja kwa mpigo.
Kibano cha kupe. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, bila mafuta ya taa wala kiberiti. Mtie kwenye kichupa cha spiriti.
Bandeji ya kujishika, shashi, na soksi moja ya mtoto ya kufunika unyayo uliokatika.
Maji ya chumvi ya kuoshea macho, nusu lita. Swila anatema sumu machoni; osha mfululizo dakika 15 ukielekea kliniki.
Kikapu cha mdomo, hata kwa mbwa mpole. Mwenye maumivu hang'ati kwa ubaya.
Nakala ya kadi ya chanjo kwenye simu, na namba ya daktari wa karibu na njia mnayopita, si wa nyumbani tu.

Akiumwa na kifutu: usikate, usifyonze, usifunge kamba mguuni. Kifutu huharibu nyama pale alipong'ata, ukifunga unaukusanya uharibifu mahali pamoja. Mbebe, asitembee. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mbwa wa kilo 35, jaribu kubeba uzito huo kwa mita 500.

#14 Binti Usambara

Nyongeza moja kwenye orodha ya Mganga: shuka ya kanga mbili zilizoshonwa pamoja, ncha nne zimefungwa vitanzi. Watu wawili wanambeba mbwa kama machela, na ukiwa peke yako unaivaa begani kama mbeleko ya mtoto mkubwa. Mzoeshe kulala juu yake uani kabla ya safari ya kwanza, akiwa mzima.